Nyumba njema si mlango: Ya kupima kabla ya kununua nyumba yenye vyumba vilivyokaa vibaya

Na Mwandishi Wetu

KUNUNUA nyumba ni uamuzi ambao wakazi wengi wa mijini huufanya mara moja tu katika maisha yao. Fedha inayotumika huwa ni akiba ya miaka mingi, mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au kiinua mgongo cha mtumishi aliyestaafu. Mnunuzi akikosea, mara nyingi hana fedha nyingine ya kununulia nyumba ya pili. Hulazimika kuishi na kosa lake, yeye na familia yake.

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mnunuzi hukutana na nyumba ambayo bei yake inavutia, mtaa wake unafaa na usafiri uko karibu, lakini akiingia ndani anasita. Chumba kimoja cha kulala hakifikiwi mpaka upite ndani ya chumba kingine. Mlango wa choo umetazamana na meza ya chakula. Jiko halina mlango wa kutokea uani. Sebule imegeuka njia ya kila mtu. Dalali humtuliza kwa maneno mepesi: "Hayo utarekebisha mwenyewe taratibu."

Huenda dalali anasema kweli, na huenda anamuuzia mteja wake mbuzi kwenye gunia. Yapo mambo kadhaa ambayo mnunuzi anaweza kuyapima mwenyewe, kabla ya kutoa hata shilingi moja ya malipo ya awali.

Kila nyumba ilijengwa kwa maisha fulani

Jambo la kwanza ni kutambua kwamba nyumba nyingi zinazoonekana kuwa na mpangilio mbovu hazikujengwa na watu wasiojua kazi. Zilijengwa kwa matumizi mengine.

Mfano ulio wazi ni nyumba ya Kiswahili, ambayo bado ipo kwa wingi Magomeni, Ilala, Temeke na baadhi ya mitaa ya Kariakoo. Nyumba hiyo ina baraza mbele, korido inayopita katikati kutoka mlango wa barabarani hadi uani, na vyumba vitatu kila upande. Jiko, choo, bafu na stoo viko nyuma, uani. Mpangilio huo ulifaa sana kwa mwenye nyumba aliyeishi chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kila mpangaji alikuwa na mlango wake kwenye korido, wageni walipokelewa barazani na shughuli za nyumbani zilifanyika uani mbali na macho ya wapita njia.

Familia ya baba, mama na watoto ikinunua nyumba hiyo hiyo, inakuta haina sebule, choo kiko nje, na korido inachukua nafasi kubwa isiyo na kazi. Nyumba ni ile ile, bali maisha yamebadilika.

Hali kama hiyo iko Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Vyumba vya nyumba nyingi za kale pale ni virefu na vyembamba. Sababu ni kwamba dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi. Mnunuzi anayetaka kupanua chumba cha namna hiyo kwa kuondoa ukuta anakusudia kuondoa kitu kinachobeba sakafu ya juu, tena katika eneo ambalo ukarabati wake unasimamiwa na mamlaka ya hifadhi.

Kundi la tatu ni nyumba zilizojengwa kidogo kidogo. Mwenye nyumba alianza na vyumba viwili, akahamia, kisha akaongeza chumba kila alipopata fedha. Ramani ya mwanzo, kama ilikuwapo, iliachwa njiani. Huko ndiko hupatikana vyumba vya kupitana, madirisha yanayotazama ndani ya chumba kingine, na sakafu zenye vimo tofauti.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: nyumba hii ilijengwa kwa maisha gani, na maisha hayo yako mbali kiasi gani na ya familia inayotaka kuinunua?

Ishi siku nzima ndani yake, kwa mawazo

Wanunuzi wengi huikagua nyumba kwa dakika 15, wakiwa wamesimama sebuleni na dalali. Njia bora zaidi ni kuizunguka kwa kufuata siku ya kawaida ya familia, tangu alfajiri hadi usiku.

Alfajiri, nani anaamka wa kwanza, na akienda kuoga atapita mbele ya mlango wa nani? Asubuhi, watoto wanne wakijiandaa kwenda shule, foleni ya bafu itakuwa wapi? Mchana, moshi wa jiko la mkaa utatoka kwa njia gani ikiwa jiko halina mlango wa nje wala dirisha kubwa? Suala hilo si la usumbufu tu. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, ambayo inaweza kuua.

Jioni, mgeni akikaribishwa sebuleni, ataona nini? Kama anaona kitanda cha wenye nyumba kila mlango unapofunguliwa, heshima ya nyumba iko mashakani. Usiku, mzee mwenye maradhi ya sukari anayeamka mara tatu kwenda haja, atafungua mlango wa uani gizani? Binti aliyekua atapita chumbani kwa kaka zake ili afike kwake?

Mnunuzi asiyejibu maswali haya kabla ya kununua atajibiwa na nyumba yenyewe baada ya kuhamia. Ni vyema watu watakaoishi humo, hasa mama wa nyumba na wazee, wakafika kuikagua kabla ya uamuzi.

Chukua futi kamba

Macho hudanganya, hasa chumba kikiwa kitupu. Mnunuzi makini huenda na futi kamba na karatasi, akachora kila chumba na kuandika vipimo vyake, mahali pa milango na upande inakofungukia.

Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ni cha kawaida katika nyumba nyingi. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kikiwekwa pembeni, zinabaki futi nne upande mmoja na futi nne miguuni. Kabati lenye kina cha futi mbili likiwekwa kando ya kitanda, njia inayobaki ni ya futi mbili tu. Chumba hicho kinatosha ikiwa kina mlango mmoja. Kikiwa na mlango wa pili unaoelekea chumba cha ndani, ukuta mmoja zaidi unapotea, kwa sababu hakuna kinachoweza kuwekwa mbele ya mlango huo. Hapo chumba hugeuka korido yenye kitanda.

Vipimo hivyo pia huonyesha kama kasoro inarekebishika. Tuseme chumba cha nje kina futi 12 kwa 11, na ni lazima kipitwe ili kufika chumba cha ndani. Korido ya futi tatu na nusu ikikatwa humo, pamoja na ukuta wa nusu futi, chumba kinapungua futi nne na kubaki futi 8 kwa 11. Kitanda cha futi 5 kwa 6 bado kinaingia, pamoja na kabati. Lakini kama chumba hicho kilikuwa na futi 10 kwa 10, kitabaki futi 6 kwa 10, na hapo ni stoo iliyopewa jina la chumba.

Makundi matatu ya kasoro

Baada ya kuchora, kasoro zote ziandikwe na kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kasoro zinazotibika bila kugusa kuta. Mlango unaofungukia upande mbaya unaweza kugeuzwa. Choo kinachotazamana na meza kinaweza kusitiriwa kwa kuhamisha meza au kuweka kizuizi chepesi cha mbao. Chumba kilichoitwa sebule kinaweza kufaa zaidi kwa kulala, na kilichoitwa chumba cha kulala kikawa sebule. Majina ya vyumba ni ya muuzaji, na mnunuzi halazimiki kuyafuata.

Kundi la pili ni kasoro zinazohitaji ukuta, bomba au paa kuguswa: kuziba mlango na kufungua mwingine, kukata korido, kuingiza choo ndani, kuunganisha vyumba viwili. Hizi hurekebishika, lakini kwa gharama, muda na kibali.

Kundi la tatu ni kasoro zisizorekebishika. Sakafu iliyo chini ya usawa wa barabara itaingiza maji kila masika. Chumba ambacho kuta zake zote za nje zimegusana na nyumba ya jirani hakiwezi kupata dirisha. Nyumba iliyojengwa hadi mpaka wa kiwanja kila upande haina pa kuongezea choo wala pa kuchimba shimo jipya la maji taka.

Nyumba yenye kasoro nyingi za kundi la kwanza inaweza kuwa bahati, kwa sababu wanunuzi wengine wameikimbia bila sababu ya msingi. Nyumba yenye kasoro kubwa hata moja ya kundi la tatu inapaswa kuachwa, isipokuwa kama bei yake ni ya kiwanja kitupu na mnunuzi amekusudia kubomoa na kujenga upya.

Ukuta haubomolewi kwa kukisia

Katika nyumba za kawaida za matofali, kuta hazigawi vyumba tu. Kenchi za paa hukalia kuta za nje na mara nyingi baadhi ya kuta za ndani, na lenta inayozunguka juu ya milango na madirisha ndiyo inayozifunga pamoja. Katika nyumba za zamani za Kiswahili, kuta za korido mara nyingi husaidia kubeba miti ya paa, na baadhi ya nyumba hizo hazina lenta ya zege kabisa.

Kwa hiyo kauli ya fundi kwamba "ukuta huu tunautoa kwa siku moja" haitoshi. Kabla ya ukuta kuondolewa ni lazima ijulikane unabeba nini, na mzigo huo utahamishiwa wapi. Hata tundu la mlango mmoja huhitaji lenta juu yake, inayoingia ukutani pande zote mbili.

Taifa limekwisha kupata misiba ya majengo kuporomoka. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Ingawa hayo yalikuwa maghorofa, yalikumbusha kwamba usalama wa jengo si jambo la kukisia, na nyumba ya chini nayo inaweza kuua.

Ada ya mhandisi aliyesajiliwa, au mbunifu majengo anayetambuliwa na bodi yake, kwa ukaguzi wa siku moja ni ndogo ikilinganishwa na bei ya nyumba. Aidha, mabadiliko ya jengo mijini huhitaji kibali cha halmashauri. Mnunuzi anayepanga kurekebisha aulize mapema kama mabadiliko anayoyataka yataruhusiwa, badala ya kununua kwanza na kuuliza baadaye.

Choo hakihamishwi kama kabati

Ahadi inayosikika mara kwa mara ni kwamba choo kitaingizwa ndani bila shida. Ukweli ni kwamba gharama ya choo kipya haiko kwenye sinki na vigae, bali kwenye njia ya maji taka.

Bomba la maji taka la inchi nne kwa kawaida hulazwa kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Kama shimo liko nyuma ya nyumba na chumba kinachotakiwa kupata choo kiko mbele, umbali wa mita 12, bomba litashuka sentimita 30 kabla ya kulifikia shimo. Je, mdomo wa kuingilia shimoni uko chini kiasi hicho? Kama haupo, itabidi sakafu ya choo inyanyuliwe au shimo jipya lichimbwe. Bomba pia litapita chini ya vyumba, na sakafu yote ya njia hiyo itavunjwa.

Kwa sababu hiyo choo kipya kiwekwe karibu na shimo lililopo, na ikiwezekana kigawane ukuta na jiko au bafu la zamani. Aidha, mnunuzi ahakikishe kuna njia ya gari la kunyonya maji taka kufika. Nyumba iliyozibwa pande zote huwa mzigo siku shimo linapojaa.

Hewa na jua

Kwa miji ya pwani, nyumba ambayo haipitishi hewa ni kasoro inayolipiwa kila mwezi kupitia bili ya umeme. Chumba hupoa vizuri kikiwa na matundu katika kuta mbili, hewa iingie huku na kutokea kule. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na kusi hutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Madirisha yanayotazama kaskazini na kusini hunufaika na pepo hizo na kukwepa jua kali la asubuhi na la alasiri.

Chumba kilichotazama magharibi bila kivuli kitakuwa na joto hadi usiku, kwa sababu ukuta huhifadhi joto la alasiri. Mnunuzi atembelee nyumba saa 10 alasiri, aguse ukuta huo kwa mkono, kisha arudi siku mvua inaponyesha. Muuzaji anayeruhusu ukaguzi wa asubuhi tu ana jambo analolificha.

Hesabu kamili

Bei inayotajwa na dalali si gharama ya nyumba. Gharama ya nyumba ni bei, pamoja na fedha ya kuifanya ikalike.

Tuseme, kwa mfano tu, nyumba yenye vyumba vya kupitana inauzwa Sh milioni 70, na nyingine iliyonyooka katika mtaa huo huo inauzwa Sh milioni 85. Tofauti ni Sh milioni 15. Fundi amekadiria marekebisho kuwa Sh milioni 9. Mnunuzi aongeze asilimia 20 kwa mambo yasiyotarajiwa, ambayo ni Sh milioni 1.8. Familia ikiendelea kupanga kwa miezi minne kwa Sh 300,000 kwa mwezi, ni Sh milioni 1.2. Michoro, ukaguzi na kibali tuviwekee Sh milioni 1. Jumla ni Sh milioni 13, na nafuu iliyobaki ni Sh milioni 2 tu, kwa nyumba ambayo bado inahitaji miezi minne ya vumbi.

Hesabu hiyo ina kazi mbili. Humwonyesha mnunuzi kama nafuu ni ya kweli, na humpa hoja ya kushusha bei. Mnunuzi anayeleta orodha ya kasoro yenye gharama zake husikilizwa kuliko anayelalamika kwamba nyumba ni mbaya. Ikumbukwe pia kwamba kasoro iliyomsumbua yeye itamsumbua mnunuzi mwingine siku atakapotaka kuuza.

Kuta zinapoeleza siri za umiliki

Wakati mwingine mpangilio wa ajabu ni dalili ya mgogoro. Korido iliyozibwa katikati kwa tofali, au ua uliogawanywa kwa ukuta, huweza kumaanisha kwamba warithi waligawana nyumba. Katika hali hiyo mnunuzi adai kuona uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na ahakikishe warithi wote wanaifahamu biashara hiyo.

Chumba au fremu za duka zilizochomoza kuelekea barabarani zinaweza kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Vyumba vyenye milango ya peke yake vinaweza kuwa na wapangaji waliolipa kodi ya mwaka mzima mbele.

Kwa nyumba yenye hati, upekuzi ufanyike kwa Msajili wa Hati ili kujua mmiliki ni nani na kama kuna benki inayoidai. Kwa nyumba yenye leseni ya makazi au mkataba wa mauziano pekee, ofisi ya serikali ya mtaa na majirani wa pande zote waulizwe kuhusu mipaka. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Saini ya mume peke yake isimridhishe mnunuzi.

Kununua au kuacha

Kwa kuzingatia hayo, nyumba yenye vyumba vilivyokaa vibaya inafaa kununuliwa ikiwa umiliki wake ni safi, haina kasoro kubwa isiyorekebishika, marekebisho yake yamekaguliwa na mtaalamu na yataruhusiwa na halmashauri, na jumla ya gharama inabaki chini ya bei ya nyumba iliyonyooka katika eneo hilo. Jambo la mwisho, na ambalo husahaulika, ni kwamba familia iweze kuishi humo kwa staha hata kama marekebisho yatachelewa mwaka mmoja au miwili, kwa maana fedha ya ukarabati mara nyingi huliwa na ada za shule au ugonjwa.

Kama sharti hilo la mwisho halitimizwi, yaani mzee hawezi kufika chooni usiku au binti hana njia ya kufika chumbani kwake, ni heri kuiacha nyumba hiyo na kuendelea kutafuta. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, bali ufungue uingie ndani. Kwa mnunuzi wa leo, aingie na futi kamba mkononi, pamoja na wale atakaoishi nao.